Maua ya Nyuma ya Jiko

Wewe unayekohoa ukafuta mdomo kwa upindo wa kanga, kisha ukaukunja haraka watu wasione rangi, nakuandikia wewe. Nilikohoa hivyo hivyo Jadida, mjini Wete, tangu mavuno ya karafuu hadi masika, zamani zile za ugomvi wa vyama vya siasa, na leo natwanga kisamvu changu mwenyewe bila ya kupumzika. Sitakueleza wadudu wa kifua wanavyofanya kazi yao. Hayo aliyajua daktari, nami nilimwachia yeye. Nitakueleza niliyoyaona na niliyoyasikia, maana hayo hakuna aliyenitahadharisha nayo.

Naitwa Mize. Kwetu ni Micheweni, kwenye ardhi ya mawe, ambako ukichimba shimo la muhogo jembe linalia. Niliolewa kipupwe na Hamad, seremala wa Wete, nikahamia nyumbani kwa mama yake, Bi Time. Mimba ikaingia mara moja, na kabla ya masika nikarudishwa kwetu kujifungua kwa mama yangu, kama ilivyo desturi kwa mimba ya kwanza. Nilipomaliza arubaini ya uzazi na kuviringwa mkaja tumboni nikarejea Jadida na mwanangu Salma. Mkwe wangu alimpokea mtoto mlangoni kabla hajanipokea mimi. Wakati ule niliona ni mapenzi ya bibi kwa mjukuu, na kweli yalikuwa hayo.

Mavuno yalipofika tulikaa mkekani na wanawake wa mtaa, tunachambua karafuu na kutenga makonyo, vile vijiti vyake. Nilikuwa na kikohozi, lakini nani hakohoi katika vumbi la karafuu? Kikanijia kimoja kutoka chini kabisa, na mbele yangu, juu ya karafuu mbichi, kikatoka kidonge cha damu. Hapana aliyepiga kelele. Waliinuka mmoja mmoja, huyu amekumbuka chungu chake, yule anaitwa na mwanawe, mpaka nikabaki mimi na Bi Time. Yeye alizichota zile karafuu zenye damu kwa kiganja chake, akaenda nazo nyuma ya jiko, akarudi ananawa mikono.

"Usikae ukitetemeka," aliniambia. "Kesho twenda spitali."

Benchi la wagonjwa wa kifua lilikuwa mwisho wa ukumbi, karibu na ua wa miti, ili upepo uzichukue pumzi zetu mbali na wengine. Sote tulijifunika midomo, ukawa humjui mtu ila kwa macho. Nilimzoea mzee mmoja aliyekuwa akisogea kunipisha kivulini kila jua linapogeuka. Siku moja nilikuta kivuli chote kimeachwa wazi. Sikuuliza. Ukikaa benchi lile unajifunza kutouliza, unakaa tu pale penye kivuli na unamuombea aliyekuachia.

Daktari alinipa masharti matatu. Sindano kila asubuhi. Kikopo chenye kifuniko, nisiteme mahali pengine, na kilichomo kichanganywe na jivu kizikwe chini sana. La tatu hakulisema kwa haraka. Alimtazama Salma mapajani mwangu, ananyonya, akasema mtoto aachishwe leo na atolewe nyumba ile. Makohozi yangu yakipimwa mara mbili mfululizo yakaonekana safi, na wote wa nyumbani wakiwa wazima, atarudishwa. Mengine yote niliyopitia baada ya hapo niliyapitia kwa ajili ya maneno hayo. Nilitaka nipone, ndiyo, lakini nilitaka nipone ili mwanangu arudi.

Mama yangu alikuja kumchukua. Salma aliniangalia kutoka begani kwake mpaka wakapinda njia. Maziwa hayakujua kuwa mtoto ameondoka, yakaendelea kuja. Kila mtoto wa jirani akilia, kanga yangu inalowa. Bi Time alinikanda kwa maji ya moto na kunikamua, nami namtukana kwa uchungu matusi ambayo mkwe hatukanwi. Alikuwa akijibu, "Nitukane, mwanangu, nitukane, ilimradi usinipige." Mpaka mwisho nikacheka na kulia pamoja, maziwa yakakauka.

Kazi ya kikopo aliichukua yeye. Nilikuwa nalala kwenye chumba chenye dirisha la uani, na kutoka kitandani nilimwona akichimba kwa kijembe kifupi, akimimina, akifukia, kisha akizunguka nyuma ya jiko na kurudi na kitunguu mkononi, kina udongo bado. Alikikalisha juu ya pale alipofukia, akakikandamiza kwa kisigino.

"Mama, hicho nini?" niliuliza siku ya kwanza.

"Kitunguu cha maua. Hakiliwi hiki, usije ukatia mchuzini. Chatoka kwetu Gando."

"Na cha nini sasa?"

"Damu ya ntu haizikwi ikaachwa bila ya alama. Kesho atakuja ntu na jembe lake apande muhogo, atakufukua."

Hakusema ataifukua. Alisema atakufukua. Nilijifunika shuka mpaka kichwani, na jua la saa nne lilikuwa linawaka.

Basi nikawa nazikwa kidogo kidogo, na mimi ninatazama. Kila kikopo kilipojaa, shimo jipya, kitunguu kipya. Mstari ulianza kwenye mchungwa ukashuka kuelekea chooni, kisha ukageuka. Nilipopata nguvu za kukaa mlangoni Bi Time alinipa kijembe nipande mwenyewe, nisikae kama pambo. "Usikizamishe," alinifundisha. "Shingo ikae nje, kitako ndani. Wala usikinyweshe maji. Kitajua chenyewe siku ya kuamka." Nilipenda kazi ile, nisikufiche. Vilikuwa vizito na baridi, vina ngozi juu ya ngozi, na ulipokikamata kiganjani ulihisi umekamata kitu kilicholala. Watu walioko vitandani kwa kifua wanahitaji kitu cha kufanya kwa mikono. Tafuta chako, hata kama ni kusuka ukili.

Kaskazi ilipoingia na joto lake, mwili wangu haukuwa wangu tena. Pete ya ndoa ilianguka kwenye sinia la wali nami sikujua. Nywele zilibaki kwenye kitana. Hamad aliletewa kitanda ukumbini, akawa anaongea na mimi kutoka mlangoni, kidogo kidogo mazungumzo yakawa mafupi, mpaka yakabaki "Umeamkaje?" na "Umekula?" Majirani hawakuja. Siku zile watu walikuwa hawaendeani hata mazikoni kwa ajili ya vyama, nami sikujua kama hawaji kwa kifua changu au kwa chama cha mume wangu. Nilichagua kuamini ni chama. Ilinipa wa kumkasirikia.

Sindano nazo zilinitia mvumo masikioni, kama mtu anayechemsha sufuria mbali. Ndani ya mvumo huo nikaanza kusikia kitu kingine. Nikikohoa, kinanijibu. Si papo hapo kama mwangwi. Nakohoa, natulia, nafuta mdomo, na nikishasahau, kutoka uani kinakuja kikohozi kimoja, kifupi, kilichofunikwa, kama kimetoka chini ya udongo. Natazama dirishani. Hakuna mtu. Mchungwa, kuku, na shingo za vitunguu vyangu zimejitokeza ardhini.

"Hamad, umesikia?"

"Nimesikia nini?"

"Kuna anayekohoa uani."

Hamad alitazama nje, akanitazama mimi, akaondoka mlangoni hatua moja. "Ni sindano hizo, Mize. Si ulisema masikio yanavuma?"

Daktari alisema hayo hayo. Bi Time nilipomuuliza aliacha kupepeta mchele, akasema, "Dawa kali hiyo, mwanangu. Hata marehemu baba yake Hamad alipougua akisikia ngoma." Basi nikakubali kuwa ni dawa. Lakini kukubali mchana ni jambo moja, na kulala na dirisha wazi juu ya damu yako mwenyewe ni jambo jingine. Moyoni nilijua ni mimi. Ile nusu yangu iliyokwisha kuzikwa inakohoa kule chini na inaniita niikamilishe.

Mjomba wa Hamad alipopata habari alileta mganga. Mzee wa watu alisimama katikati ya uani, akafumba macho, akasema kwa sauti nzito, "Nyumba hii kuna kitu kimezikwa."

"Kweli, mganga," nilimwambia kutoka dirishani. "Ni makohozi yangu. Ukipenda nitakuonyesha yalipo."

Hakungoja hata kahawa. Nilicheka mpaka nikakohoa, na Bi Time akanikemea kwa utovu wa adabu. Ila nilitambua jambo moja, nikalinyamazia. Alipokuwa anasema, mganga hakuuelekea mstari wangu wa vitunguu. Alilielekea jiko.

Kabla ya mvua nilianza kusikia njaa. Hiyo ni rehema ndogo ambayo hakuna anayekuambia uitegemee, siku moja unaamka na unataka pweza wa nazi. Vikopo vikawa havijai. Mashimo yakaachana, kitunguu hapa, kingine mbali baada yake, kisha mstari ukakoma. Makohozi yalipimwa yakawa safi. Bado mara moja.

Masika yakaanza kwa mvua ya kutwa nzima. Asubuhi yake nilifungua dirisha nikarudi nyuma. Uani, pote nilipozikwa, pametoka maua. Hayakuwa na majani. Ardhi tupu, nyeusi, imelowa, na juu ya kila kikonyo kitupu tufe jekundu la nyuzi nyuzi, kubwa kama kichwa cha mtoto, mstari mzima kutoka mchungwani hadi karibu na choo, palipokuwa na damu nyingi yakiwa yamesongamana, na palipokuwa na damu kidogo yakiwa mbali mbali. Hata Hamad aliyekuwa amevaa viatu kwenda kazini alisimama mlangoni akasema, "Astaghfirullah," akavua kofia, akaivaa tena.

Watu wakaja. Walichungulia juu ya ua wa makuti, hata wale wa chama kingine, na nikasikia mwanamke akinong'ona, "Ni damu yake imeota." Nilitoka nje, mara yangu ya kwanza kusimama mbele za watu tangu mavuno, nikamwambia, "Ndiyo, shoga. Karibu nikuchumie moja." Alikimbia. Lakini sikukaa nje muda mrefu.

Majibu ya mara ya pili yalitoka kabla maua hayajanyauka. Safi. Nilirudi kutoka spitali kwa miguu, nimejifunua uso, na Hamad akapeleka salamu Micheweni kuwa Salma aletwe baada ya Ijumaa. Alikuja ndani ya chumba changu, akakaa kitandani, akaushika mkono wangu akawa hajui aufanye nini. Nilimwambia hauumi mtu.

Siku ya pili yake Bi Time alikwenda kwenye hitima mtaa wa pili. Nilitaka akirudi akute wali umepikwa na mimi. Kuni zilikuwa zimelowa, nikafikiri makumbi ya nazi. Rundo la makumbi lilikuwa nyuma ya jiko, na huko nilikuwa sijawahi kwenda hata mara moja. Nilipokuwa mwali sikuachiwa kushika kazi, kisha nikawa mja mzito, kisha mgonjwa, na siku zote mkwe wangu alinikataza kwa ukali kuwa kuna siafu na nyoka. Nilishika ufagio mkononi kwa ajili ya nyoka, nikazunguka.

Mvua ilikuwa imeliporomosha rundo. Nyuma yake, mpaka kwenye ua, palikuwa pekundu.

Nilidhani nimezunguka vibaya nimerudi uani kwangu. Lakini haya hayakuwa ya mstari. Yangu yalitoka ua moja moja. Haya yalitoka vichaka, kila kichaka maua yasiyohesabika yanabanana, na karibu na ua kabisa yalikuwa yamejaa hata huoni udongo. Niliinama nikafukua kidogo kwa vidole. Vitunguu vilikuwa vimezaa, mama amezungukwa na wana, na wana wamezungukwa na wajukuu, wamekazana kama meno. Kitunguu kimoja hakiwi hivyo kwa masika ya mwaka mmoja wala miwili. Nami nilikuwa nimepanda vya kutosha kujua kwa nini katika nyumba ile hupandwa kitunguu.

Upande wa jikoni palikuwa na vichache vipya, shingo nje, kitako ndani, na kisigino kimeacha alama kwenye tope.

Hapo ndipo nilipokisikia. Kikohozi kimoja, kifupi, kilichofunikwa. Hakikutoka chini. Kilitoka pembeni mwa jiko, na nilipoinua uso Bi Time alikuwa amesimama na buibui lake la kwenye hitima, upindo wa kanga umejazwa mdomoni, na macho yananitazama. Nilikasirika, nakwambia, nilikasirika hata nikautupa ufagio.

"Tangu lini, mama?"

Alitoa kanga mdomoni, akaikunja. "Kikohozi cha moshi tu."

"Moshi unatoa damu?"

Alikaa kitako juu ya makumbi. "Mize, sikiza. Mtoto aja baada ya Ijumaa. Dakta akijua nami naumwa, haji. Niache n'ende zangu Gando kwa ndugu zangu. Nitasema nimechoka na mji. Wewe ukae na mwanao kuno."

"Na ukafe huko?"

"Na nikafe huko. Wewe umenyimwa mtoto kwa sababu ya…" Hakumaliza. Kikohozi kilimwahi, na safari hii hakukifunika.

Nilitamani kunyamaza. Nakiri nilitamani, muda wa kutosha kumwona Salma akishushwa mlangoni. Kisha nikamwendea Hamad karakanani kwake, nikamwambia mama yake naye anaumwa kifua, asimlete mtoto. Asubuhi nilimshika Bi Time mkono nikampeleka kwenye benchi lile lile, nikamkalisha penye kivuli, na jua lilipogeuka nikasogea kumpisha.

Mwenzangu, kama kuna neno moja la kuchukua hapa ni hili, usikifunike. Kile unachokizika kwa siri nyuma ya jiko kitachipua mbele ya watoto. Nenda ukakae benchini. Chukua sindano hata masikio yavume. Na mwenye mgonjwa, ingia chumbani kwake ukae kitandani, usimsalimie kutoka mlangoni.

Salma alirudi mwishoni mwa mwaka ule, anatembea, na hakunijua. Alilia usiku na mchana akimtaka mama yangu, nami nilikaa upande wa pili wa chumba nikamsubiri. Ilimchukua mpaka vumbi la kaskazi kunijia mwenyewe na kipande cha muhogo mkononi.

Lakini Bi Time hakumwona. Sindano alidungwa zile zile nilizodungwa mimi, ila kifua chake kilikuwa kimekwisha kuliwa kwa miaka. Vikopo vyake nilivizika mimi, wazi, uani, mbele ya kila mtu, na vitunguu nilipanda kama alivyonifundisha. Karibu na vuli ndugu zake wakaja kutoka Gando, wakajaa chumbani, na Hamad akaketi kichwani pake. Wote walikwisha kuambiana kuwa mke wa Micheweni ndiye aliyeuingiza ugonjwa nyumba ile. Waliponipisha nipite, walizivuta nguo zao.

Bi Time alinitafuta kwa macho. Mwenye kuondoka huomba radhi kwa anaowaacha, na nilimwona akikusanya pumzi zake kidogo alizobakiwa nazo. "Mize, mwanangu," alisema, "kifua hiki…" Nikaona Hamad ameinama kumsikiliza mama yake, na wale jamaa wote wameelekeza masikio. Nikamkata kauli.

"Niwie radhi, mama," nilisema kwa sauti ya kusikika na wa mlangoni. "Mimi ndiye niliyekuletea maradhi haya. Nilikuja nayo kutoka kwetu."

Mwanamke mmoja wa Gando alisonya. Hamad hakuinua uso. Bi Time alinitazama kwa muda mrefu, naye alijua nimefukua wapi na nimeona nini. Machozi yakamtoka pembeni yakaingia masikioni. Akaupapasa mkono wangu mpaka akaupata.

"Nimekuwia radhi," alisema.

"Ahsante, mama," nikamwambia.